Pikipiki inagonga chini: tupime kwanza, kiisha tumulipe fundi

Ku Kapalata, pikipiki ikirudi toka machimbo na kateri yenye kupasuka, maneno ni moja tu. Dereva anasema: "Hii moto ni fupi." Fundi anajibu: "Tutainyanyua." Mwenye pikipiki anatoa feza, wanasude kipande cha chuma kwenye amotisere, nyuma inapanda, na watu wote wanaona kazi imekwisha. Juma mbili zinapita, pikipiki inagonga tena. Ao haigongi tena, lakini inaangusha watu.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu pikipiki njo miguu yetu. Mchele, bunga, mazuti ya motopompe, dawa, na watu wenyewe: karibu vyote vinaingia mu machimbo juu ya magurudumu mawili. Na siku mtu anaumia mu shimo, mara mingi ni pikipiki njo inamutoa. Kwa hiyo pikipiki yenye kugonga chini si shida ya motari peke yake. Ni shida ya mchimbaji, ya bibi yake mwenye anangojea feza, na ya mtoto mwenye homa kule camp.

Neno letu ni fupi: mupime kabla ya kulipa. Pikipiki inagonga chini kwa sababu mbalimbali, na kila sababu iko na dawa yake. Dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa ingine. Kupima kunaomba metre ya fundi wa kushona, marafiki wawili na dakika ishirini. Haiombi hata faranga moja.

Njia zetu zinaomba nini

Kila mtu wa Kisangani anajua njia zenyewe. Kutoka hapa mpaka Banalia, kupitia Bengamisa, ni karibu kilometa 130. Mpaka Bafwasende ni zaidi ya 250. Upande wa Lubutu ni zaidi ya 200. Hizo ni barabara kubwa za taifa, lakini ni udongo, si lami. Na machimbo haiko kando ya barabara kubwa. Mutu anaacha barabara, anaingia mu kijia cha pori: mizizi, mawe, madaraja ya miti, burbie.

Tena sisi tuko karibu kabisa na ekweta. Mvua hapa inapita milimetre 1,600 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Udongo mwekundu ukilowa, malori yanachimba mifereji mirefu. Ukikauka, ile mifereji inakuwa migumu sawa na saruji.

Pikipiki nyingi zenye tunapanda ni za 125, zenye zilitengenezwa juu ya barabara za muji na za vijiji, kubeba dereva na mtu mmoja, ao dereva na mzigo. Kwa pikipiki za namna hiyo, nafasi kati ya udongo na chuma cha chini ni karibu sentimetre 16 mpaka 18, bila mtu juu. Zile za pori kabisa, zenye miguu mirefu, ziko na zaidi ya 24, lakini bei yake ni ya juu, na mama mwenye kubeba mtoto anapanda kwa shida. Basi wengi wetu tutabaki na zile fupi. Shida ni kwamba zile sentimetre 17 hazibaki 17 tukisha kupakia.

Kwanza, tusome alama

Mbele ya kushika funguo, mulalishe pikipiki polepole upande, muangalie tumbo lake. Chuma kinasema fasi yenye kiligongwa.

Kama alama iko chini ya kateri ao chini ya eshapema, katikati, ni mizizi, mawe ao miti ya daraja njo inagonga. Hapa njo swali la nafasi ya chini linaanza.

Kama alama iko kwenye ncha ya bekiye ya katikati tu, mara mingi nyuma njo inashuka sana juu ya mzigo.

Kama ni fasi ya kukanyagia miguu njo imepindika ao imechubuka, hiyo si shida ya amotisere. Ulipita mu mfereji wa lori, na kuta za mfereji zilikukamata pembeni. Unaweza kunyanyua nyuma vile unataka, mfereji utakukamata tu. Dawa yake ni kuchagua njia, na kuweka fasi ya kukanyagia yenye inakunjika.

Kama ndani ya matope-gadi ya nyuma kuna alama nyeusi ya pine, gurudumu linapanda mpaka mwisho wa safari yake. Kama ni bomba la moshi mbele njo limegongwa na pine ya mbele, furushi inafika mwisho, ao imepindika. Hiyo ya mwisho ni ya haraka: pikipiki yenye furushi imepindika isibebe mtu.

Vipimo vitatu

Sasa tuchukue metre. Kwanza mupompe pine zote mbili vile kitabu ao karatasi yenye kubandikwa karibu na sheni inasema. Pine yenye haina hewa inaweza kula sentimetre moja peke yake, na itaharibu vipimo vyote.

Chagueni alama mbili: chini, katikati ya ekseli ya nyuma; juu, bulo moja ya kadre yenye iko juu yake kabisa. Tutapima kati ya zile alama mbili mara tatu, kila mara fasi ile ile.

Kipimo cha kwanza: pikipiki juu ya bekiye ya katikati, gurudumu la nyuma linaning'inia, haligusi udongo. Kama bekiye hiyo iliisha kutolewa, marafiki wawili wanyanyue nyuma. Muandike.

Kipimo cha pili: pikipiki inasimama juu ya magurudumu yake, bila mtu. Muisukume chini kidogo mara mbili, muiache ipande yenyewe. Muandike.

Kipimo cha tatu: mupakie vile munapakia siku ya safari. Dereva, abiria, mfuko, bidoni, vyote. Miguu ya dereva ikuwe juu, rafiki mmoja ashike gidoni pikipiki isianguke. Mwengine apime. Muandike.

Tuchukue mfano. Kipimo cha kwanza ni sentimetre 40. Cha pili ni 38. Cha tatu ni 33. Toka 40 mpaka 38 ni 2: ile njo uzito wa pikipiki yenyewe, na ni kawaida. Toka 40 mpaka 33 ni 7. Kwa pikipiki nyingi za 125 zenye amotisere mbili, gurudumu la nyuma linapanda karibu sentimetre 8 mpaka 10 tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Tuseme 9. Mzigo umekula 7 mbele hata ya kutoka Kapalata. Inabaki 2 juu ya mashimo yote ya njia.

Kawaida nzuri ni hii: ukisha kupakia, uzito usile zaidi ya sehemu moja ya tatu ya ile safari. Kwa 9, ni 3. Ukifika nusu, uko mu hatari. Ukipita nusu, unakata njia kama vile huna amotisere.

Sasa tuangalie tumbo. Kateri iko kati ya magurudumu mawili, kwa hiyo inashuka karibu nusu ya vile nyuma inashuka, pamoja na nusu ya vile mbele inashuka. Bila mtu ilikuwa 17. Kisha kupakia, nyuma ilishuka 5 na mbele 1: jumla 6, nusu yake 3. Inabaki 14. Ukianguka mu shimo, nyuma inamaliza zile 2 zake, mbele inakula 8: jumla 10, nusu yake 5. Inabaki 9. Mti wa daraja wenye unene wa sentimetre 10 utapasua kateri. Pikipiki ile ile, dereva peke yake, ingepita.

Hesabu hiyo inaonyesha kitu kimoja: pikipiki haikuwa fupi. Iliisha kufupishwa.

Nani njo ameifupisha?

Hapa fundi mzuri na fundi wa haraka wanaachana njia. Lazima tujue kazi mbili zenye ziko mu amotisere moja. Resori, ule waya wenye kuzunguka, inabeba uzito. Mafuta yenye iko mu bomba ndani inazuia resori isicheze. Si kitu kipya: furushi yenye mafuta ndani ilikuwa tayari kwenye pikipiki ya BMW R12 mu mwaka 1935. Watu wengi wanaita vyote viwili "amotisere", na njo maana wanapewa dawa ya resori wakati ni mafuta njo imekwisha.

Kama ni resori. Kipimo cha pili kitakuambia. Pikipiki bila mtu inapaswa kushuka kidogo tu, sentimetre moja na nusu mpaka mbili na nusu. Kama bila mtu imeshuka 4, resori imechoka, ao moja imevunjika. Mulinganishe kushoto na kulia: mzunguko mmoja wenye unagusa mwengine, upande mmoja mufupi kuliko mwengine, kutu yenye imekula waya. Resori mbili haziruhusiwe kuwa za urefu mbalimbali. Gurudumu litavuta upande mmoja.

Kama ni mafuta. Musukume kiti chini kwa nguvu, kiisha muachilie. Pikipiki nzuri inapanda mara moja na kutulia. Ikicheza mara mbili, tatu, kama kitanda cha resori, mafuta ya amotisere imekufa. Muangalie fimbo ya chuma yenye kungaa: kama iko na mafuta na vumbi imegandama juu yake, spi imekwisha. Mujue: amotisere yenye kufa hivi haibadilishe vipimo vyetu vitatu. Pikipiki inasimama juu vizuri, lakini kwenye mashimo yenye kufuatana inaruka, inaanguka na nguvu zote, inagonga. Kukaza resori hapa hakusaidie, kunazidisha kuruka.

Kama ni mzigo. Kipimo cha pili ni kizuri, mchezo wa kiti ni mzuri, lakini kipimo cha tatu ni kibaya. Basi pikipiki haina ugonjwa. Ugonjwa uko juu yake. Na hii njo tunaona mara mingi.

Kama ni mkono wa nyuma. Mushike gurudumu la nyuma, mulisukume kushoto na kulia. Likicheza, raba ao bulo za mkono wenye unashika gurudumu zimekwisha. Hiyo haishushi pikipiki, lakini mu matope nyuma inatembea kama mkia, na dereva anafikiri ni amotisere.

Mbele kunasahauliwa

Tunasahau mbele kwa sababu mzigo uko nyuma. Lakini kwenye kushuka mulima na kufunga breki, ni mbele njo inabeba vyote.

Mufanye hivi: mufunge uzi mwembamba ao kipande cha raba ya velo kwenye bomba la kungaa la furushi, karibu na spi. Kama kuna soufle ya raba, muinyanyue kwanza. Dereva aende kilometa moja kwa njia yenye anajua, arudi. Uzi utakuwa umesukumwa mpaka fasi furushi ilifika. Kama uko kwenye mwisho kabisa, na dereva alisikia "kak!" kwenye mikono, furushi inafika mwisho.

Lakini mujihadhari: "kak" ingine inatoka kwenye rulema za gidoni. Mukamate breki ya mbele, musukume pikipiki mbele na nyuma. Kama kitu kinagonga chini ya gidoni na furushi haijashuka, ni rulema. Kukaza kwake ni kazi ndogo. Kuiacha ni kujitafutia kuanguka.

Kuna jambo lenye mafundi wengi hawaambie wateja. Mafuta ya furushi si mafuta ya motere. Mafuta ya motere ni mazito. Ukiiweka mu furushi, inashuka vizuri kwenye shimo la kwanza, lakini inapanda polepole. Shimo la pili linaikuta bado haijapanda. La tatu linaikuta chini zaidi. Mwisho wa mashimo kumi, furushi imekaa chini kabisa na pikipiki imepoteza sentimetre zake zote, hata kama resori ni mpya. Dereva anasema pikipiki ni fupi. Ni mafuta njo ilikosewa. Tena kipimo ni kile kitabu kinasema, sawasawa kushoto na kulia. Kujaza kupita kipimo kunapasua spi, na mafuta yenye kutoka inaweza kufika kwenye breki.

Kazi zenye tunaomba tuache

Kusude kipande kwenye jicho la amotisere ili ikuwe ndefu. Moto wa kusude unaua spi na mafuta, na ukigusa resori, chuma kinapoteza ugumu wake, kinaweza kuvunjika siku yoyote. Tena ukinyanyua nyuma peke yake, furushi inasimama wima zaidi: gidoni inakuwa nyepesi, pikipiki inatetemeka kwenye mbio. Bekiye ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala sana na kuanguka ikiwa imepakiwa. Sheni nayo inabadili mvuto, inaanza kukata raba ya mkono.

Kuingiza vipande vya mti ao vya pine kati ya mizunguko ya resori. Inaonekana kama imekuwa ngumu. Kweli, umefunga mizunguko mitatu isifanye kazi, na ile yenye inabaki inachoka kwa wote.

Kununua amotisere moja, kwa sababu moja tu njo inavuja. Zinunuliwe mbili, za urefu ule ule wenye zilikuwa nao toka jicho mpaka jicho.

Kuweka bamba zito chini ya kateri na kufikiri shida imekwisha. Bamba linasaidia dhidi ya mawe, hatukatai. Lakini linakula sentimetre moja ao mbili za nafasi, na linashika matope yenye inazuia motere kupoa. Liwe jembamba, liwe na matundu, lisafishwe kila safari.

Dawa, kuanzia ile ya bure

Ya kwanza ni hewa ya pine. Ya pili ni kupanga mzigo. Kilo 50 nyuma ya ekseli inasukuma chini zaidi kuliko kilo 50 mbele ya ekseli, kwa sababu inafanya kazi kama mti wa kunyanyulia jiwe: inashusha nyuma na kunyanyua mbele. Bidoni zishuke pembeni, moja kila upande, mbele ya ekseli. Vitu vyepesi, godoro na nguo, njo vikae nyuma na juu.

Ya tatu ni kugeuza ile pete yenye ngazi, chini ya resori ya nyuma. Pikipiki nyingi ziko na ngazi tano. Kushoto na kulia ziwe ngazi moja. Mukisha kugeuza, mupime tena mara tatu. Mukitoa mzigo, murudishe. Kama muko kwenye ngazi ya mwisho na kipimo cha tatu bado kibaya, pete imemaliza kazi yake. Musitafute ingine.

Ya ine ni kubadili mafuta na spi za furushi. Ya tano ni amotisere mpya mbili. Kunyanyua pikipiki kunakuja nyuma ya yote, na kama lazima, inyanyuliwe kidogo, mbele na nyuma pamoja, na fundi mwenye anaweza kueleza juu ya nini.

Kila kipimo kiandikwe mu kaye, na tarehe. Kama kipimo cha pili kilikuwa 38 mwezi wa kwanza na ni 36 mwezi wa sita, resori inachoka, hata kama dereva hajasikia kitu.

Kilo njo neno letu

Sasa tufike kwenye neno lenye linatuhusu sisi wachimbaji, kwa sababu hakuna fundi mwenye atalitengeneza.

Tuhesabu safari moja ya kawaida. Dereva kilo 65. Abiria wawili, kilo 65 kila mmoja. Mfuko wa mchele, 50. Bidoni ya litre 20 ya mazuti, karibu 17. Jumla ni 262. Pikipiki nyingi za 125 zimetengenezwa kubeba karibu kilo 130 mpaka 150, dereva akiwa ndani ya hesabu. Kitabu cha pikipiki kinasema namba yake kamili. Wenye kitabu wasome. Tunapakia karibu mara mbili, kiisha tunamulaumu fundi.

Nani anaamua zile kilo? Motari anasema: "Nisipobeba, mwengine atabeba, na jioni patro anangojea versema yake." Patro anasema hakuwa pale. Mwenye mzigo anasema alilipa bei ya mzigo na si ya chuma. Negosia anasema machimbo inangojea mazuti. Na mchimbaji, yeye analipa bei ya mwisho: bunga inapanda kwa sababu safari ni ya hatari, na yeye mwenyewe anakaa wa tatu nyuma, mgongo wake ukifanya kazi yenye amotisere imeshindwa. Wazee wanakumbuka wakati wa toleka, velo za taxi za muji wetu. Toleka haikuwa na amotisere, mgongo njo ulikuwa amotisere. Hatukununua pikipiki ili turudi kule.

Kateri ikipasuka kilometa 60 toka hapa, mafuta yote inatoka mu dakika chache, na motere yenye haina mafuta haitembei. Dereva analala mu pori na mzigo wa watu. Kiisha deni linaandikwa kwa jina lake. Mara ngapi tumeona kijana analipa miezi kazaa kitu chenye kilivunjwa na mfuko wa mtu mwengine?

Sheria ya mine yenye ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inaomba mchimbaji wa mikono akuwe ndani ya kooperative. Basi kama tuko tayari pamoja mu kooperative, tunaweza kukubaliana pamoja juu ya kilo. Hiki njo tunapendekeza kwa kooperative, kwa wamotari na kwa wenye pikipiki:

Moja: mzigo upimwe kwa kilo mbele ya kutoka. Kilo ya muuza mchele inatosha.

Mbili: pikipiki yenye kubeba mfuko ibebe abiria mmoja ao hakuna. Wawili pamoja na mfuko, hapana.

Tatu: vipimo vitatu vifanywe mara moja kwa mwezi, viandikwe mu kaye yenye kila abiria anaweza kuomba kuona.

Ine: mwenye kulazimisha mzigo wa kupita kipimo njo alipe chenye kinavunjika. Iandikwe mbele ya safari, si kisha.

Tano: kila machimbo ichague pikipiki moja yenye amotisere nzima, yenye haibebi mifuko, juu ya wagonjwa.

Wengine watasema safari zitakuwa mingi na bei itapanda. Tuhesabu vizuri. Safari mbili zenye zinafika ni bei ndogo kuliko safari moja, kateri moja, siku tatu bila kazi na mfuko wa mchele wenye umelowa.

Juu ya mgonjwa

Neno moja la mwisho kwa jamaa zote. Udongo ukimwangukia mtu, haraka yetu ni kumuweka juu ya pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati. Kama anasema mgongo ao shingo inamuuma sana, ao hasikie miguu yake, musimukalishe. Kila shimo la njia, hata na amotisere mpya, linaweza kumaliza chenye udongo ulianza. Alazwe juu ya ubao ao tipoyi, mgongo na shingo visipindike, abebwe na watu mpaka fasi gari ao pirogi inaweza kufika. Pikipiki itumwe mbele kuita muganga.

Kwa mwenye homa, kwa mkono wenye kuvunjika, kwa mama mwenye uchungu wakati hakuna njia ingine, pikipiki itaendelea kuwa ambilansi yetu. Njo maana ile moja ya wagonjwa tuipime kila mwezi, na tusikubali mtu ayifungie mfuko nyuma, hata kama ni mfuko wa mkubwa.

Metre ya fundi wa kushona inapatikana kwenye kila soko ya Kisangani. Juma hii, mbele ya safari, wapiganaji wawili wa kila kikundi wapime pikipiki moja, na walete kaye kwenye mkutano.